Uhai Huanza Lini? Swali Lililovuka Daraja la Rusumo



Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja tu, Wanyarwanda wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilayani Ngara. Mzigo wa ukimbizi ukazielemea Ngara na jirani yake Biharamulo.

Miongoni mwao walikuwamo wanawake waliobakwa vitani, na kambini nako ubakaji haukukoma. Hapo ndipo swali la uhai huanza lini, ambalo tumezoea kuwaachia mapadri na masheikh, lilipoingia katika zahanati za mahema. Aliyebakwa jana apewe nini leo?

Septemba mwaka huo huo mataifa yalikutana Cairo. Vatikani ilishikilia kuwa uhai huanza mimba inapotungwa. Wajumbe wakaafikiana kwamba utoaji mimba usiwe njia ya uzazi wa mpango, na mengine yaamuliwe na sheria za kila nchi. Mwaka 1999 mashirika yalitoa mwongozo wa afya ya uzazi kwa wakimbizi, wenye vidonge vya dharura kwa aliyebakwa katika saa 72. Vatikani ikapinga. Shirika la Afya Duniani linasema vidonge hivyo huchelewesha yai kupevuka, wala haviondoi mimba iliyokwisha kujishikiza.

Je, sheria yetu yasemaje? Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza, iliyoanza kutumika 1945, humfunga mtoaji mimba hadi miaka 14, na mama mwenyewe hadi miaka 7. Kifungu cha 219 kinamlinda mtoto awezaye kuzaliwa hai, na wiki 28 huhesabiwa kuwa ushahidi wa hilo. Kifungu cha 204 kinasema mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa akishatoka mzima tumboni mwa mama. Kifungu cha 230 kinamkinga daktari anayepasua kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama.

Mwajionea wenyewe: sheria haina mstari mmoja, ina mistari kadhaa.

Mwaka 1938, London, Daktari Aleck Bourne alishtakiwa kwa kumtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari. Aliachiwa huru, jaji akieleza kwamba kuokoa maisha ni pamoja na kuokoa afya ya mwili na akili. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilifuata mwelekeo huo. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, inayotaka aliyebakwa aruhusiwe kutolewa mimba hospitalini. Kanuni ya Adhabu haikuguswa.

Wazee wetu wa dini waendelee kujadiliana roho huingia lini. Hiyo ni kazi yao, nami naiheshimu. Ninachodai ni kwa Bunge: liandike kwa Kiswahili cha wazi daktari anaruhusiwa nini na anakatazwa nini. Sheria ikinong'ona, daktari huogopa, na binti huenda kwa mwenye mizizi na waya. Huko hupotea uhai ambao hakuna anayebishana ulianza lini.