Habari za Kujengwa kwa Hospitali Katika Nchi Yetu

Katika kitabu hiki cha Jubilei mtasoma habari nyingi za makanisa na shule, na za wale waliotangulia kutuletea Habari Njema. Sisi walimu wa dini tumepewa kazi ya kueleza habari za nyumba za wagonjwa: jinsi zilivyoanza, ni akina nani waliozifikiri na kuzijenga, na kwa nini nyingine zimesimama hata leo, na nyingine zimebaki kuta tupu. Hatuandiki kwa kuwasifu wazee tu. Twaandika kwa sababu katika mitaa mingi watu hukutana baada ya sala kushauriana juu ya kujenga zahanati au kituo cha afya, na shauri hilo huleta ugomvi mara nyingi: hawa wasema ijengwe kwetu, na wale wasema ijengwe kwetu. Ajuaye njia waliyopita waliotangulia hapotei upesi.

Tusidhani ya kuwa kabla ya hospitali watu walikaa bila msaada wowote. Walikuwapo waganga wa miti shamba, na wakunga walioijua kazi yao, na wengi walipona mikononi mwao. Lakini yalikuwapo maradhi yaliyowashinda, kama ndui, malale, ukoma, na uzazi uliokwama. Hata baada ya hospitali kujengwa, zilikuwa mbali. Sisi wenyewe tulipokuwa watoto tumekiona kitanda cha kamba kikitoka kijijini alfajiri, mama mjamzito juu yake, na vijana wanne wakipokezana mabegani. Tena tumekiona kikirudi jioni, nao wachukuzi wamenyamaza. Aliyekiona kikirudi hivyo hahitaji kufundishwa faida ya hospitali iliyo karibu.

Katika zamani za Wadachi, mji wa Dar es Salaam ulipata hospitali mbili. Moja ilijengwa ufukweni mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Ya pili ilikuwa ya watu wengine wote, Waafrika na Wahindi, nayo ilijengwa kwa mali ya Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka huo huo wa 1897. Yeye hakuwa Mkristo, walakini alitoa fedha zake ili maskini wapate dawa. Jina lake lilikaa juu ya hospitali ile miaka mingi, hata ilipojengwa mpya mwaka 1956, ikaitwa kwa jina la Princess Margaret, nayo ndiyo tuijuayo leo kwa jina la Muhimbili. Basi tukumbuke ya kwamba mwanzo wa hospitali kubwa kupita zote katika nchi yetu ni sadaka ya mtu mmoja aliyewahurumia wasio wa kabila lake wala wa dini yake.

Huko bara mambo yalianza kwa udogo. Wamisionari wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iitwayo kwa herufi zake UMCA, walihamia Unguja mwaka 1864, na mwaka 1876 Askofu Steere akafika Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Katika mizigo ya wamisionari, pamoja na vitabu, lilikuwamo sanduku la dawa. Watu walikuja barazani na vidonda vyao, wakaoshwa na kufungwa. Kisha baraza haikutosha, kikajengwa kibanda. Kibanda hakikutosha, ikajengwa nyumba. Hivyo ndivyo hospitali nyingi za misheni zilivyozaliwa: wagonjwa walitangulia, na kuta zikafuata. Baada ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, ambavyo viliharibu misheni nyingi za kusini na kuleta njaa kubwa, Wabenedikto walianza upya Ndanda mwaka 1906, na mahali hapo pakawa baadaye na hospitali ijulikanayo kusini kote.

Wakati wa Waingereza lilitokea jambo ambalo wachache wanalikumbuka. Tangu mwaka 1926 serikali ilianza kuwafundisha vijana walioletwa na watawala wa wenyeji, wakajifunza kuosha vidonda, kutoa dawa za maradhi ya kawaida, na kumtambua mgonjwa apasaye kupelekwa mbele. Waliitwa madresa. Walirudi kwao, wakafanya kazi katika vibanda vya dawa, na mishahara yao ikatoka katika hazina za wenyeji, yaani katika kodi ya watu wale wale waliotibiwa. Elimu yao ilikuwa fupi, na dawa zao chache. Lakini tuuangalie utaratibu wake: alitafutwa mtu kwanza, akafundishwa, akajulikana atalipwa na nani. Nyumba ilikuja pamoja naye, wala haikumtangulia kwa miaka kumi.

Katika Masasi tuna mfano mwingine. Mwaka 1935 alifika daktari Mwingereza jina lake Leader Stirling, akafanya kazi Lulindi. Nyumba zake za kwanza zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa kwa nyasi, na ndani yake alipasua wagonjwa wakapona. Hakungoja mabati wala saruji. Lakini jambo moja hakukubali kulikosa, nalo ni wasaidizi waliofundishwa. Akawafundisha vijana wa nchi hii kuwa wauguzi. Mwaka 1949 alihamia Mnero, katika nchi ya Nachingwea, akaanzisha hospitali huko. Baadaye akawa raia wa Tanzania, na kuanzia mwaka 1975 hata 1980 alikuwa Waziri wa Afya. Mtu aliyeanza chini ya paa la nyasi ndiye aliyepewa kuangalia hospitali zote za nchi, naye alijua vema ya kuwa paa si kitu cha kwanza.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa wachache mno, hata mtu angeweza kuwahesabu kwa vidole bila kuchoka. Hospitali nyingi zilikuwa mijini au katika misheni, na palipokuwa hapana mji wala misheni hapakuwa na kitu. Kwa hiyo aliitwa Profesa Richard Titmuss wa London pamoja na wenzake ili waitazame hali ya afya ya nchi, na taarifa yao ikatolewa mwaka 1964. Shauri lao kubwa lilikuwa hili: nchi isitumie fedha zake zote katika hospitali kubwa, bali ijenge vituo vya afya karibu na watu, na kazi ya kuzuia maradhi iendeshwe pamoja na kazi ya kuponya, tena hospitali za misheni na za serikali zifanye kazi kwa mpango mmoja.

Walakini hospitali kubwa nazo zilihitajiwa. Mwaka 1971 zilifunguliwa mbili. Huko Moshi ilifunguliwa KCMC, iliyojengwa kwa juhudi za makanisa chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Huko Mwanza, juu ya kilima cha Bugando, Mwalimu Nyerere alifungua hospitali iliyojengwa na Maaskofu Wakatoliki kwa msaada wa Wakristo wa Ujerumani, ili iwatumikie watu wote wa kandokando ya Ziwa. Hata hivyo hospitali ya namna hii hula fedha nyingi kila siku, kwa umeme, maji, dawa na mishahara. Serikali iliichukua Bugando mwaka 1972, ikairudisha kwa Maaskofu mwaka 1985 kwa mapatano ya kushirikiana. KCMC nayo iliendeshwa na serikali kwa miaka mingi, ikarudishwa kwa wenyewe mwaka 1992. Tunajifunza ya kuwa kujenga ni gharama ya mara moja, bali kuendesha ni gharama isiyo na mwisho.

Miaka ile ile serikali iliazimu kuwafikia watu wa vijijini. Vituo vya afya, ambavyo wakati wa uhuru vilikuwa 22 hivi, vilizidi 200 kufika mwaka 1980. Na zahanati zilizokuwa chini ya 1,000 zilizidi 2,000. Palipokosekana hospitali ya serikali katika wilaya, ilichaguliwa hospitali ya misheni iwe ya wilaya, na serikali ikasaidia mishahara na gharama nyingine. Ndiyo maana ya jina Hospitali Teule, na watu wa Muheza huitaja hospitali yao kwa jina la Teule mpaka leo.

Kisha ikaja miaka ya shida. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta kupanda, na mazao yetu kukosa bei, vyote pamoja viliikausha hazina. Zahanati zilisimama, na mganga yupo, lakini kabati ni tupu. Wazee wetu walikwenda na kurudi na karatasi mkononi iliyoandikwa jina la dawa isiyopatikana. Ilipofika mwaka 1993 serikali ilianza kuwataka wagonjwa wachangie gharama katika hospitali zake, na mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa huko Igunga, ambapo kila nyumba ilitoa fedha kidogo kwa mwaka ili itibiwe. Kabla ya hapo, mwaka 1992, makanisa yalikwisha kupatana na serikali juu ya huduma za jamii, ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, kwa kuwa ilionekana wazi ya kuwa hakuna upande uwezao kuchukua mzigo huu peke yake.

Watu nao hawakuacha kuongezeka. Hesabu ya mwaka 1967 ilipata watu milioni 12 na zaidi katika Tanzania yote. Hesabu ya mwaka 2022 ilipata milioni 61 na zaidi. Yaani mahali palipokuwa na mtoto mmoja wa kuchanjwa, sasa wapo watano. Mwaka 2007 serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliotaka kila kijiji kiwe na zahanati, kila kata iwe na kituo cha afya, na kila wilaya iwe na hospitali. Wananchi walitoa nguvu zao. Walifyatua matofali, wakasomba mchanga na mawe, wanawake wakachota maji, Wakristo na Waislamu wakafanya kazi bega kwa bega. Tena kuanzia mwaka wa fedha 2018/19 zilianza kujengwa hospitali mpya za wilaya 67.

Hapa yatupasa kusema ukweli, maana Jubilei si wakati wa kujificha. Si kila kilichoanzwa kilimalizwa. Sisi tunalijua boma moja la zahanati, na wasomaji wetu bila shaka wanayajua mengine, ambalo kuta zake zilifika kwenye mtambaa panya, kisha fedha zikaisha na wasimamizi wakaanza kulaumiana. Mvua zikanyesha juu ya kuta. Leo mti wa mpapai umeota katika chumba kilichotengwa kwa wazazi, na mbuzi hujikinga jua humo. Akina mama waliochota maji ya kujenga kuta zile bado hupanda pikipiki usiku kwenda kujifungua mbali. Na kosa lilikuwa nini? Hatukuwa wavivu, wala hatukuwa wachoyo. Kosa letu ni kwamba tulishindana juu ya mahali pa kujenga kwa miezi mingi, lakini hatukukaa hata siku moja kuuliza nani atafanya kazi humo, na kwa fedha zipi.

Basi, ndugu zetu wa parokia na wenzetu walimu, kabla ya kuchimba msingi mwingine tuulize maneno haya kama walivyouliza waliotutangulia. Je, mganga na mkunga watatoka wapi, na watalala wapi? Zahanati isiyo na nyumba ya mtumishi humpoteza mtumishi wake kabla ya mwaka kwisha. Je, maji yapo? Kuzalisha bila maji ni hatari kwa mama na mtoto. Je, njia yapitika wakati wa masika, ili mgonjwa mzito apelekwe mbele? Je, dawa zitalipwa na nani miaka kumi baada ya sikukuu ya kufungua? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, lakini bima haina faida kwa mtu ambaye jengo la kwao ni la mbuzi. Na neno la mwisho: kijiji jirani chajenga wapi? Zahanati mbili zinazotazamana huku bonde zima halina hata moja ni ishara ya kijicho, si ya maendeleo.

Tena tusisubiri wageni. Walitusaidia sana, na makaburi ya baadhi yao yamo katika nchi hii, tunawaheshimu. Lakini wengi wao wamekwisha kuondoka. Wale vijana wa zamani waliofundishwa chini ya paa la nyasi ndio walioichukua kazi ikafika kwetu. Kwa hiyo parokia iliyo na fedha kidogo, ikimsomesha binti mmoja ukunga na kupatana naye arudi kwao, imeanza hospitali yake, ijapokuwa haijaweka tofali hata moja.

Kwa yale yaliyotendeka twamshukuru Mungu, na kwa yale tuliyoyaacha njiani twamwomba atusamehe na kutupa nguvu mpya. Boma lile tulilolitaja lina kuta imara bado. Mafundi wamelipima wakasema yafaa kuezekwa. Kamati imekwisha kuchaguliwa tena, na safari hii jina la kwanza katika daftari si la fundi, ni la mkunga. Ombeni pamoja nasi ili mwaka ujao mpapai ule ukatwe.