Wakubwa wa Inchi Yetu tangu Uhuru: Waliingiaje, Walitokaje?

Sisi watu wa Nyangwe tunakaa ukingoni mwa Lualaba, mbali sana na Kinshasa. Walakini habari za utawala si ngeni kwetu. Mbele ya mwaka 1870 wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikuwa wamekwisha kuweka makao yao hapa, na soko la Nyangwe lilijulikana mbali. Livingstone alifika mwezi wa tatu 1871. Tarehe 15 mwezi wa saba aliona kwa macho yake watu wenye bunduki wakiwaua watu waliokuja sokoni, na wengi wao walikuwa wanawake. Ilikadiriwa ya kama wafu walikuwa kati ya 300 na 400. Mwaka 1887 Tippu Tip, mwenye nguvu kutoka Kasongo mpaka Maporomoko ya Stanley, alifanywa liwali wa Mfalme Leopold II. Mwaka 1893 Dhanis na askari zake walitwaa Nyangwe mwezi wa tatu, na Kasongo mwezi wa nne.

Basi kila utawala ulikuja kwa bunduki, ukaondolewa kwa bunduki nyingine, na wenye soko hawakuulizwa neno. Mara ya kwanza kuulizwa juu ya wakubwa wa inchi nzima ilikuwa mwezi wa tano 1960, wanaume wa Kongo walipochagua wadepute. Wanawake walingoja mpaka sheria ya msingi ya mwaka 1967. Tangu uhuru inchi yetu imeongozwa na Maprezidenti watano. Tunataka kuwatazama mmoja mmoja kwa maulizo mawili tu: aliingiaje, na alitokaje? Maana utawala hujulikana zaidi mlangoni kuliko kitini.

1. Joseph Kasa-Vubu (1960–1965)

Waseminari wapaswa kumjua mtu huyu, kwa kuwa alipita njia yao. Alizaliwa Mayombe, katika Kongo ya Chini. Alisoma katika seminari ndogo ya Mbata-Kiela, kisha filosofia katika seminari kubwa ya Kabwe, Kasai. Wakubwa wake hawakumruhusu kuendelea mpaka upadri. Akawa mwalimu, kisha karani wa Leta, na mwaka 1954 akawa mkubwa wa chama cha ABAKO.

Mwezi wa sita 1960 wadepute na wasenata walikutana pamoja, wakamchagua kuwa Prezidenti mbele ya Jean Bolikango. Aliingia, basi, kwa kura. Lakini sheria iliyotungwa na Wabeleji iliweka vichwa viwili juu ya mwili mmoja: Prezidenti, na Ministri wa kwanza Patrice Lumumba, ambaye chama chake cha MNC kilipendwa sana huku Maniema. Tarehe 5 mwezi wa tisa Kasa-Vubu alitangaza katika radio ya kama amemwondoa Lumumba. Lumumba akajibu katika radio ya kama amemwondoa Kasa-Vubu. Tarehe 14 Kolonele Mobutu akawaweka wote wawili kando. Lumumba aliuawa katika Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961.

Wahenga walisema: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nyasi hizo zilikuwa sisi. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba walienea sehemu kubwa ya mashariki; Kindu ilitekwa mwezi wa saba, na jeshi la serikali liliirudisha mwezi wa kumi na moja tu. Mwaka uliofuata, 1965, Kasa-Vubu aligombana na Ministri wake Tshombe kama alivyogombana na Lumumba. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja jeshi lilimwondoa. Alirudi kwao, akafa Boma mwaka 1969.

2. Joseph-Désiré Mobutu (1965–1997)

Huyu aliingia kwa jeshi, akaahidi kukaa miaka mitano. Alikaa zaidi ya thelathini na moja. Tusikatae ya kama mwanzoni watu wengi walifurahi, kwa sababu walichoka na vita. Lakini amani ile ililipwa kwa bei kubwa. Mwaka 1967 aliunda chama chake, MPR. Mwaka 1970 alisimama peke yake katika uchaguzi. Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaire. Chama kikawa ndicho Leta, na kila raia alihesabiwa kuwa mwana wa chama tangu kuzaliwa.

Hapo Kanisa lilijaribiwa. Majina ya ubatizo yalikatazwa, naye akajiita Mobutu Sese Seko. Serikali ilitaka vijana wa chama, ndio JMPR, wawe na tawi hata ndani ya seminari, maaskofu walikataa. Mwaka 1972 Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alinyang'anywa nyumba yake, akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Mwezi wa kumi na moja 1973 maduka na mashamba ya wageni yaligawanywa kwa wenyeji waliopendwa na utawala, na kwa muda mfupi maduka mengi yalibaki matupu. Mwishoni mwa 1974 masomo ya misioni yalitwaliwa na Leta; mwaka 1977 yalirudishwa kwa mapatano, kwa sababu Leta ilishindwa kuyatunza.

Tarehe 24 mwezi wa nne 1990 Mobutu aliruhusu vyama vingi. Mkutano mkubwa wa taifa ulifanyika 1991 na 1992, ukiongozwa na Monsinyori Laurent Monsengwo, askofu mkuu wa Kisangani. Ulipofungwa kwa nguvu, wakristu wa Kinshasa walitoka kwa maandamano tarehe 16 mwezi wa pili 1992, na askari wakawapiga risasi. Mlango wa amani ulikuwa wazi mbele ya Prezidenti, akakataa kuupita. Basi vita vilivyoanza mashariki mwaka 1996 vilimtoa: alikimbia Kinshasa tarehe 16 mwezi wa tano 1997, akafa Rabat, katika Moroko, mwezi wa tisa.

3. Laurent-Désiré Kabila (1997–2001)

Watu wa Kabambare walilijua jina lake mbele ya watu wa Kinshasa, kwa sababu tangu maasi ya 1964 alikuwa na watu wake katika milima ya Fizi, jirani nao. Alijitangaza mwenyewe kuwa Prezidenti tarehe 17 mwezi wa tano 1997. Alirudisha jina la Kongo, akaleta franka mpya. Lakini aliingia kwa msaada wa majeshi ya Rwanda na Uganda. Alipoyaambia yarudi kwao, vita vikaanza tena tarehe 2 mwezi wa nane 1998. Kindu ilianguka mwezi wa kumi. Maniema ikakaa chini ya waasi wa RCD, na vijijini Mai-Mai walipigana nao. Wazee wa kwetu hawahitaji kitabu kwa kukumbuka miaka ile: mashamba yaliachwa, watu walilala porini, chumvi ikawa kitu cha thamani. Tarehe 16 mwezi wa kwanza 2001 Prezidenti alipigwa risasi na askari wa ulinzi wake mwenyewe.

4. Joseph Kabila (2001–2019)

Nyuma ya siku kumi mwana alikaa katika kiti cha baba. Habari ya maisha yake iliyotangazwa yasema ya kama mama yake, Sifa Mahanya, ni Mubangubangu wa Maniema. Kwa hiyo wengi huku walimwita mjomba. Aliingia bila kura, lakini mapatano ya mwaka 2002 yalimaliza vita vikubwa, na sheria ya msingi ilitangazwa tarehe 18 mwezi wa pili 2006. Mwaka ule ule raia wote, wanaume kwa wanawake, walimchagua Prezidenti wao. Alichaguliwa tena 2011.

Sheria ile yasema: Prezidenti achaguliwe kwa miaka mitano, na mara moja tu aweza kurudia. Tena kifungu cha 220 chakataza kabisa kubadili hesabu ya zamu na urefu wake. Zamu yake ya pili ilikwisha mwezi wa kumi na mbili 2016, na uchaguzi haukufanywa. Maaskofu waliwakutanisha wanasiasa, na usiku wa mwisho wa mwaka ule mapatano yalitiwa sahihi. Wakristu wengine waliuawa katika maandamano ya 2017 na 2018. Mwisho uchaguzi ulifanywa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018.

5. Félix Tshisekedi (tangu 2019)

Tarehe 24 mwezi wa kwanza 2019 tuliona jambo lisiloonekana tangu 1960: Prezidenti aliye hai alimwachia mwingine kiti bila vita. Tulishukuru, lakini tuseme ukweli wote. Martin Fayulu alikataa hesabu ya kura, na maaskofu walisema ya kama matokeo yaliyotangazwa hayalingani na yale ambayo mashahidi wao waliyaona. Amani ilikuwapo, ukweli ulibaki na deni.

Tshisekedi alichaguliwa tena mwezi wa kumi na mbili 2023, akaapa mwezi wa kwanza 2024. Mwezi wa kumi mwaka ule, huko Kisangani, alitangaza ya kama ataunda tume kwa kutayarisha sheria ya msingi mpya. Mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu zilitwaliwa na M23. Mwezi wa tisa 2025 mahakama kuu ya jeshi ilimhukumu Joseph Kabila kifo, naye hayupo.

Tujifunze nini?

Tuhesabu sasa. Wanne wamekwisha kutoka. Wa kwanza aliondolewa na jeshi, wa pili alikimbia vita, wa tatu aliuawa, wa nne alitoka kwa miguu yake lakini alichelewa miaka miwili, na leo amehukumiwa. Mkubwa aonaye mwisho wa wenzake huanza kuuogopa mlango. Akiuogopa, hutafuta kuufunga. Akiufunga, wengine huuvunja. Hii ndiyo duara ambayo imezunguka juu ya vichwa vyetu tangu 1960, na kila ilipozunguka Kasongo na Kabambare zimelia.

Kwa hiyo sheria ya zamu haiwahusu wakubwa wa Kinshasa peke yao. Ni ukuta wa nyumba ya mwanamke anayekwenda sokoni Nyangwe na mihogo yake. Tena humlinda mkubwa mwenyewe, kwa maana humpa njia ya kutoka pasipo aibu wala damu.

Nasi mapadri, waseminari na wakatekista tuna kazi karibu. Mkubwa wa inchi hujifunza kwanza kijijini. Kama mkubwa wa komite ya parokia hataki kuacha kazi yake zamu inapokwisha, kama mwenye kutunza sanduku haonyeshi hesabu, watoto watazamao watajifunza nini juu ya utawala? Tuwafundishe raia kusoma sheria ya msingi katika Kiswahili, kifungu kwa kifungu, na kuuliza juu ya kila anayetaka kuwatawala maulizo yale mawili: utaingiaje, na utatokaje?