Mwisho Usio na Arusi

Desturi ya hadithi za mapenzi ni ya zamani sana. Wawili hukutana, hupendana, hutenganishwa na hila za watu au misukosuko ya dunia, kisha hukutanishwa tena kwa arusi, wakaishi raha mustarehe. Msomaji aliyevumilia dhiki zao huidai faraja mwishoni kama kibarua adaivyo ujira wake. Mtungaji amnyimaye haki hiyo huitwa mkatili, au huambiwa kuwa hajui kazi yake. Lakini yapo maisha yasiyoweza kuingia katika desturi hiyo ila kwa kukatwa viungo. Mtungaji akutanapo na maisha ya namna hiyo afanye nini? Swali hili lilimkabili Charlotte Brontë mwaka 1852, alipokuwa akimaliza Villette, riwaya ya mwisho aliyoitoa katika uhai wake.

Charlotte alizaliwa mwaka 1816 katika jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, binti wa kasisi Patrick Brontë. Mama yake alikufa mwaka 1821, na dada zake wawili wakubwa wakamfuata mwaka 1825. Mwaka 1842 alikwenda Brussels, Ubelgiji, pamoja na mdogo wake Emily, kujifunza lugha; mwaka uliofuata akarudi huko peke yake, akifundisha Kiingereza. Mwalimu wake, Constantin Heger, alikuwa mume wa mwenye shule. Charlotte alimpenda mapenzi yasiyokuwa na njia. Barua alizompelekea baada ya kurudi kwao zilitangazwa gazetini mwaka 1913, nazo ni barua za mtu anayeomba jibu moja tu ili apate kuishi. Kisha, kati ya Septemba 1848 na Mei 1849, mauti yaliwachukua nduguye Branwell, na Emily, na Anne. Akabaki yeye na baba yake mzee.

Wakati huo jina lake la kalamu, Currer Bell, lilikwisha kujulikana kwa Jane Eyre, riwaya iliyotoka mwaka 1847 na kumpa msomaji arusi aliyoitazamia. Soko la vitabu lilikuwa na sheria zake. Riwaya ya majuzuu matatu iliuzwa kwa pauni 1, shilingi 11 na peni 6, bei iliyowashinda watu wengi. Kwa hiyo wasomaji waliazima. Maktaba ya Mudie, iliyoanza mwaka 1842, ilitoza gini moja kwa mwaka, nayo ilinunua vile vitabu ambavyo jamaa nzima ingeweza kuvisoma bila kuona haya wala kuhuzunika mno. Mtungaji aliyewaudhi wasomaji wa maktaba alimuudhi mpiga chapa pia.

Villette ni kisa cha Lucy Snowe, mwanamke asiye na mali, wala uzuri, wala jamaa, anayevuka bahari kwenda kufundisha katika shule ya mji wa kigeni. Mgeni ni kuku mweupe, na Lucy anajitahidi asionekane. Kwanza moyo wake unamwelekea Daktari John, kijana mwenye sura njema na bahati njema. Daktari anamwandikia barua za kirafiki. Lucy anazithamini kuliko chakula, na alipoona kwamba hazina kesho, akazifunga ndani ya chupa na kuzizika chini ya mti. Kwa sheria ya hadithi za mapenzi, daktari huyo ndiye angalikuwa bwana arusi. Lakini Charlotte alimwandikia George Smith, mpiga chapa wake, kumweleza kwamba Lucy hawezi kuolewa na kijana huyo: mtu aliyependelewa hivyo na dunia hana budi kumpata mke aliyependelewa kama yeye. Juzuu ya tatu ikageukia kwa Paul Emanuel, mwalimu mfupi, mkali, mwepesi wa hasira, na wa madhehebu mengine.

Basi ukaja mwisho. Paul anampangishia Lucy nyumba ya shule, kisha anasafiri kwenda Guadeloupe kwa miaka mitatu. Baba yake Charlotte, ambaye hakupenda vitabu viachavyo huzuni, alimwomba binti yake awaoze wawili hao na kuwaacha katika raha. Elizabeth Gaskell, aliyeandika maisha ya Charlotte mwaka 1857, amesimulia ombi hilo. Binti alimheshimu baba, lakini kifo cha Paul baharini kilikuwa kimekwisha kutokea ndani ya fikira zake, naye hakuweza kukibatilisha kama vile ambavyo mtu hawezi kubatilisha msiba uliokwisha kupita. Aliloweza ni kutia pazia. Msomaji huonyeshwa tufani ya siku saba na vyombo vilivyovunjika. Kisha msimulizi hunyamaza, na wenye mioyo ya matumaini huruhusiwa kuwaza makutano na furaha.

Kitabu kilipotoka Januari 1853 kilipata sifa nyingi, na lawama pia. Lawama iliyomuumiza Charlotte zaidi ilitoka kwa rafiki yake, Harriet Martineau, aliyeandika gazetini kwamba wanawake wa kitabu hicho wamejaa mno haja ya kupendwa, kana kwamba wanawake hawana shughuli nyingine. Urafiki wao ukavunjika. Hivyo kitabu kile kile kilikuwa na upungufu wa mapenzi kwa baba, na wingi wa mapenzi kwa rafiki.

Wengine walichagua njia nyingine. Charles Dickens, alipomaliza Great Expectations mwaka 1861, aliwaachanisha Pip na Estella baada ya kukutana kidogo tu barabarani. Rafiki yake Bulwer-Lytton alimshauri abadili, naye akabadili, akawaacha wakitoka pamoja wameshikana mikono. Mwisho wa kwanza ulijulikana kwa watu mwaka 1874, Dickens akiwa amekwisha kufa, na tangu hapo wasomaji wameshindana kuhusu upi ni wa kweli. Charlotte hakuwaachia wasomaji miisho miwili, ila mmoja wenye pazia.

Je, alifanya hivyo kwa kupenda huzuni? Yafaa kusoma tena kurasa za mwisho. Lucy asema kwamba ile miaka mitatu ya kungoja ilikuwa ya furaha kuliko yote ya maisha yake. Alikuwa na barua zisizohitaji kuzikwa, na nyumba, na shule iliyokua kwa juhudi yake. Twaambiwa kwamba subira yavuta heri. Kwa Lucy heri ilikuwamo ndani ya subira yenyewe, haikuja baada yake. Arusi ingalizifunika heri hizo, na msomaji angaliziona kuwa ni njia tu ya kufikia karamu.

Charlotte mwenyewe aliolewa Juni 1854 na Arthur Bell Nicholls, akafa tarehe 31 Machi 1855, akiwa na umri wa miaka 38. Lucy bado asimama mbele ya bahari. Msomaji atakaye arusi ameachiwa nafasi ya kuifanya. Lakini itakuwa arusi yake yeye, si ya Lucy.