Ukumbusho si kumbukumbu: Yaliyoandikwa mgongoni mwa picha zetu

TULIPOMZIKA shangazi yangu karibu na soko la Chepilat, pale barabara ya Kisii kuelekea Sotik inapovuka mpaka wa kaunti za Nyamira na Bomet, kamati ya mazishi ilihitaji picha moja tu ya kuweka kwenye jalada la kijitabu cha mazishi. Wajukuu wakatoa simu. Vijana watano waliokuwa sebuleni walikuwa na maelfu ya picha mifukoni mwao. Walipekua nusu saa nzima. Walipata picha za keki, za pikipiki, za majani chai yenye umande, na za wao wenyewe wakitabasamu. Shangazi alionekana mara tatu. Mara mbili alikuwa kwa nyuma, ameinama jikoni. Mara ya tatu lilionekana bega lake tu.

“Si kuna ile nilimpiga Krismasi?” mmoja akauliza.

“Hiyo ilikuwa kwa ile simu iliibiwa,” mwenzake akamjibu.

“Basi tuchukue ya kipande,” mwenyekiti akakata kauli. Kila mmoja akaguna. Ninyi mnaijua picha ya kipande: macho yametoka, shingo imekakamaa, sura ya mtu anayesubiri kuhukumiwa.

Jioni hiyo bibi mmoja wa ng’ambo ya barabara aliingia akiegemea mkongojo. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha isiyo ya rangi, ya wanawake wawili waliosimama mbele ya pazia lililochorwa minazi, kila mmoja na mkoba wake. Mmoja alikuwa shangazi. Nyuma ya picha palikuwa na maandishi ya kalamu ya wino, kwa mwandiko wa shangazi mwenyewe: “Ukumbusho kwa dada yangu wa sokoni. Tulipigwa siku ya bonasi. Chepilat, 1987.”

Msomaji wangu, neno hilo “ukumbusho” ndilo lililonifanya niandike makala ya leo. Kwa nini shangazi, ambaye hakuwahi kusoma isimu, hakuandika “kumbukumbu”?

Maneno haya mawili yana mzizi mmoja, kitenzi kumbuka. Hata hivyo, hayakupitia njia moja. Kumbukumbu ni kile ninachokikumbuka mimi, au mahali ninapokihifadhi. Ndiyo maana tunasema kumbukumbu za mkutano, na siku hizi simu hutuambia kwamba kumbukumbu yake imejaa. Ukumbusho nao umetokana na kumbusha, kitenzi chenye mnyambuliko wa kutendesha. Ili kuwe na kumbusha, sharti pawe na watu wawili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Kumbukumbu naweza kuwa nayo peke yangu. Ukumbusho sharti niutoe umfikie mwingine. Hoja yangu leo ni kwamba historia ya picha za familia zetu ni historia ya safari kutoka ukumbusho hadi kumbukumbu, na kwamba safari hiyo ina hasara ambayo hatujaihesabu.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kiswahili husema kupiga picha, sawa na kupiga chapa, kupiga pasi, kupiga simu na kupiga kura. Picha ni neno tulilokopa kutoka Kiingereza. Kabla halijazoeleka, sanamu lilibeba pia maana hiyo, na hadi leo washairi na wahakiki hupenda taswira, lenye asili ya Kiarabu. Kamera nayo ilipitia Kiingereza kutoka Kilatini, ambako maana yake ni chumba. Ukitaka kuuona wakati ukibadilika, usiliangalie neno picha. Viangalie viambishi vinavyoandama piga.

Mwanzoni watu wetu walipigwa. Teknolojia hii ilitangazwa rasmi jijini Paris mwaka wa 1839, na kabla karne ile haijaisha, Wagoa kama A. C. Gomes walikuwa na studio Unguja. Huku bara kamera ilifika mikononi mwa wamishonari, maafisa wa serikali na walowezi. Kodak ya George Eastman ya 1888 ilikuwa imerahisisha kazi, na Brownie ya 1900 iliuzwa Marekani kwa dola moja tu. Kwa hivyo kampuni kubwa za chai zilipoanza kupanda mashamba ya Kericho katika miaka ya 1920, familia ya mlowezi ingeweza kuwa na kamera ya nyumbani. Mchuma chai hakuwa nayo. Yeye aliingia katika picha kama alivyoingia mti wa kivuli. Tazama maelezo ya picha nyingi za enzi hiyo: mzungu ana jina, na mwafrika ni “mwenyeji”, “mpishi” au jina la kabila lake. Alipigwa, picha ikaenda ng’ambo, na mjukuu wake hajawahi kuiona.

Hata kipande hakikumsaidia. Kuanzia 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba hati ya kazi ndani ya kijisanduku cha bati kilichoning’inia shingoni. Hati hiyo ilikuwa na alama za vidole. Jina kipande lilibaki midomoni mwetu, na mpaka leo kitambulisho cha kitaifa tunakiita hivyo. Wanawake walisubiri hadi sheria ilipobadilishwa mwaka wa 1978 ndipo nao wakaanza kuandikishwa. Kwa hivyo kwa mama wengi wa mashambani, picha ya kwanza waliyopigwa wakiwa peke yao ilikuwa ya serikali. Walipiga foleni, wakakaa kwenye kiti, wakaambiwa, “Mama, toa kitambaa kidogo, masikio yaonekane.” Ndiyo ile picha ambayo familia hukimbilia kuikuza mtu akifa.

Kisha ikaja enzi ya kwenda kupigwa. Kitenzi bado ni cha kutendwa, lakini sasa kuna nia. Katika miji ya Afrika Mashariki studio zilikuwa nyingi kufikia katikati ya karne ya 20. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka wa 1930, na huko Mombasa N. V. Parekh aliwapiga picha wakazi kwa miongo kadhaa. Huku kwetu, miji ya Kericho na Kisii ilikuwa na studio zake, na masoko madogo yalikuwa na wapigapicha waliotembea na kamera begani. Walijua kalenda ya fedha kuliko karani wa benki. Siku ya harusi utawakuta. Shule zikifungwa, wako langoni. Na wakulima wa chai walipolipwa bonasi, walitandika pazia lao sokoni kabla wauza mitumba hawajafika.

Picha haikuwa jambo la kila siku. Mtu aliazima koti, akaazima saa, wengine hata redio ya kushika mkononi. “Simama hivyo. Usicheke. Shikilia!” Halafu ukangoja. Filamu ilikuwa na picha 12, 24 au 36, na mpigapicha hakuipeleka mjini kuoshwa mpaka iishe. Ukimuuliza, jibu lilikuwa lile lile: “Filamu bado, mzee. Kuja Alhamisi.” Angalia pia neno hilo kuosha. Picha ilioshwa kama kikombe, kwa dawa, katika chumba cha giza. Kuna waliorudi Alhamisi wakaambiwa filamu imechomeka, yaani mwanga uliingia ndani na siku yao yote ikapotea.

Kwa sababu picha ilikuwa ghali, ungetarajia watu waifiche. Kumbe walifanya kinyume. Waliagiza nakala mbili au tatu, wakaandika nyuma, wakagawa. Mgongo wa picha ulikuwa ukurasa, na ukurasa huo ulikuwa na kanuni zake: kwanza neno Ukumbusho, kisha jina la anayepewa, kisha mahali na mwaka, na wakati mwingine ombi fupi la kutosahauliwa. Vibarua wa mashamba ya chai waliotoka mbali walizitia katika barua za nyumbani. Wanafunzi walibadilishana siku ya kufunga shule. Wafanyabiashara wa soko la mpakani, huyu Mkipsigis, yule Mgusii, walipeana.

Hapo wanasarufi wataniwinda. Sisi Wakenya tunashutumiwa, tena kwa haki, kwamba tunasema “amepeana kitabu” tukimaanisha ametoa kitabu. Kiambishi -an- ni cha kutendeana: mimi nikupe, nawe unipe. Lakini kwa picha za Chepilat kitenzi kilikuwa sahihi kabisa. Albamu ya shangazi ilijaa nyuso za majirani, na albamu za majirani zilikuwa na uso wake.

Kisha ukaja mwaka wa 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007 ziliua zaidi ya watu 1,000 nchini na kuwafurusha mamia ya maelfu. Mpaka wa Sotik na Borabu, Chepilat ikiwemo, haukusazwa. Nyumba na maduka yalichomwa, na majirani waliouziana ndizi na maziwa wakawa wanatazamana kwa mbali. Sitasema nyumba ya shangazi ilikuwa upande gani wa barabara. Moto haukuuliza. Alitoka na watoto, sufuria moja na kitambulisho. Albamu ilibaki ndani.

Miaka mingi baadaye alikuwa akiniambia kwamba mabati alipata mengine, ng’ombe alipata mwingine, ila picha za mumewe marehemu hakupata. “Hata sura yake inaanza kunipotea,” alisema. Sikujua nimjibu nini. Hakujua kwamba picha aliyoitoa 1987 ilikuwa hai ng’ambo ya barabara, ndani ya bahasha ya kaki, kwa mwanamke ambaye kwa muda mrefu baada ya moto hawakuweza kuamkiana. Bibi yule alituambia aliwahi kuambiwa na watu wake aitupe. Aliigeuza, akasoma mgongo wake, akairudisha sandukuni. “Nilikuwa nimeandikiwa mimi,” alisema. “Ningetupaje?”

Sasa tuko katika enzi ya kujipiga. Kiambishi -ji- kimeingia, na mtendaji na mtendwa ni mtu mmoja. Kamera ya kidijitali ilibuniwa ndani ya Kodak yenyewe mwaka wa 1975 na mhandisi Steven Sasson, na mnamo Januari 2012 kampuni hiyo hiyo ikaomba kinga ya mahakama kwa kulemewa na madeni. Huku kwetu, simu ya Ideos iliyouzwa mwaka wa 2011 kwa bei isiyofika Sh10,000 iliwapa wengi kamera yao ya kwanza. Sikatai kwamba tumepata mengi. Mchuma chai leo anampiga mwanawe siku ya kwanza ya shule bila kumngoja mtu mwenye pazia. Mama anapigwa akicheka, akikuna ugali, akiwa na matope miguuni. Hayo ndiyo maisha, na studio haikuwahi kuyaona. Mtu ambaye babu yake alipigwa bila jina sasa anachagua mwenyewe jinsi atakavyoonekana. Huo ni ushindi.

Ila tumeacha kupeana. Utasema, “Lakini natuma kwa WhatsApp!” Ndiyo, unatuma. Nayo inafika kati ya matangazo ya harambee na video za vichekesho, bila jina, bila mahali, na wiki ijayo mpokeaji anaifuta kwa sababu kumbukumbu imejaa. Na simu ikiibiwa au ikitumbukia chooni, kinachopotea si picha 24 bali miaka mitano. Wale wajukuu hawakumpenda shangazi kidogo kuliko sisi. Walikuwa na kumbukumbu nyingi, ila hapakuwa na ukumbusho hata mmoja.

Sipendekezi turudi kwa filamu. Napendekeza mgongo wa picha urudi. Mwaka ukiisha, chagua picha chache, tano zinatosha, uzipeleke zikachapishwe. Hakikisha wazee wamo, tena kwa mbele, si bega. Geuza kila moja uandike majina yote, hata ya yule unayedhani kila mtu anamjua, kwa sababu baada ya miaka 30 hatajulikana. Andika mahali na mwaka. Kisha usiziweke zote kwako. Mpe dada, mpe jirani, mpe hata yule wa ng’ambo ya barabara.

Kuhusu kijitabu cha mazishi, fundi wa kompyuta alitaka kumkata yule mwanamke wa pili ili abaki shangazi peke yake. Kamati ilikataa. Jalada lilitoka na wanawake wawili na mikoba yao, na asubuhi yote waombolezaji waliuliza huyu mwingine ni nani. Tuliwaonyesha alipoketi, mstari wa mbele, pamoja na familia.