Asili ya Pensheni ya Watumishi wa Serikali

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo limhusulo kila mtu mwenye baba, au ndugu, au mwalimu wake, katika kazi ya Serikali. Jambo hilo ni pensheni, yaani malipo apewayo mtumishi baada ya kuacha kazi kwa uzee. Na pamoja nalo ni ile sheria imwambiayo mtumishi kwamba umri wake umetimia, hana budi kutoka. Wengi hudhani kwamba mambo haya yalizaliwa siku moja na ofisi. Sivyo. Yana historia yake, na ndani ya historia hiyo mna swali ambalo halijakwisha hata leo: je, pensheni ni hisani ya mwajiri, au ni haki ya mtumishi?

Kumlipa mtu aliyemaliza utumishi wake ni desturi ya kale. Kaisari Augusto wa Rumi, katika mwaka wa 6 baada ya Kristo, alianzisha hazina maalumu ya kuwalipa askari waliotimiza miaka yao. Hazina ile aliitia fedha zake mwenyewe kwanza, kisha akaiwekea kodi mbili: tano katika kila mia ya mali ya urithi, na moja katika kila mia ya vitu viuzwavyo mnadani. Raia wa Rumi waliinung'unikia sana kodi ya urithi, lakini Augusto hakuiondoa. Maana alijua ya kuwa askari mzee asiye na kitu, naye ajua kutumia upanga, ni hatari kwa nchi.

Lakini taratibu za pensheni tuzijuazo katika Afrika ya Mashariki zilitoka Uingereza, kwa hiyo yafaa tuzifuate huko. Zamani karani wa Serikali huko hakuwa na siku ya kutoka. Alikaa katika kiti chake hata mikono ikatetemeka na macho yakafifia, kwa kuwa akiondoka hana chakula. Wakuu wa ofisi walimwona hafai, lakini waliona haya kumfukuza. Katika miaka ya 1680 ikapatikana njia katika forodha ya London: mzee aondoke, na kijana ashikaye mahali pake amgawie nusu ya mshahara. Basi mzee aliishi kwa jasho la kijana, na kijana alifanya kazi nzima kwa nusu ya malipo. Njia hiyo haikuwa nzuri, lakini ilionyesha jambo moja la kweli, nalo ni hili: mzee asipopewa riziki, hawezi kutoka, na asipotoka, kazi huharibika.

Mwaka wa 1712 watu wa forodha walianza kuwa na mfuko wao. Kila mmoja alikatwa peni 6 katika kila pauni ya mshahara, na kwa kuwa pauni moja ilikuwa peni 240, maana yake alitoa sehemu moja katika arobaini. Kisha mwaka wa 1810 ikatungwa sheria ya pensheni kwa watumishi wa Serikali kwa jumla, nayo ililipwa kwa fedha ya umma.

Ndipo likazuka shauri kubwa. Sheria ya mwaka wa 1834 ilithibitisha kwamba watumishi wapya wakatwe mishahara yao kwa ajili ya pensheni: wenye mshahara usiozidi pauni 100 kwa mwaka walikatwa mbili na nusu katika kila mia, na wenye kuzidi walikatwa tano. Lakini fedha hiyo haikuwekwa katika mfuko wa peke yake. Ilichanganywa na mapato mengine ya Hazina. Mtumishi akifa kabla ya kustaafu, mjane na watoto wake hawakurudishiwa hata peni moja. Tena sheria ile ile ilisema wazi kwamba mtumishi hana haki kamili ya kudai pensheni. Basi angalieni: amekatwa kwa lazima, kisha ameambiwa kwamba atakachopewa ni hisani! Watumishi walilalamika miaka mingi, na mwaka wa 1857 Bunge la Uingereza likayaondoa makato hayo.

Mwaka wa 1859 ikaja sheria iliyokuwa mama wa sheria nyingi za baadaye. Ilikata kwamba mtumishi aliyefikisha umri wa miaka 60 aweza kustaafu bila cheti cha daktari. Kwa kila mwaka wa utumishi alihesabiwa sehemu moja katika sitini ya mshahara wake, wala sehemu hizo zisizidi 40. Karani mwenye mshahara wa pauni 120 aliyetumika miaka 30 alipata 30 katika sitini, yaani nusu, ndiyo pauni 60 kwa mwaka hata kufa kwake. Asiyetimiza miaka 10 hakupata pensheni. Tena sheria hiyo iliifunga pensheni pamoja na mtihani: wale walioingia kazini baadaye hawakupata pensheni bila hati ya Tume ya Utumishi, iliyoanzishwa mwaka wa 1855 kuwapima waombaji. Tangu hapo kazi ya Serikali ilianza kuwa ya mwenye elimu, isiwe tena ya mwenye mjomba mkubwa.

Lakini miaka 60 ilikuwa ruhusa tu, si amri. Amri ilikuja mwaka wa 1890, ilipokatwa kwamba mtumishi akifikisha miaka 65 hana budi kutoka. Sababu zake zilikuwa mbili. Kwanza, wakuu hawakutaka kumpima kila mzee na kumwambia mbele ya wenziwe kwamba akili yake imechoka. Sheria moja kwa wote haimwaibishi mtu. Pili, vijana nao walikuwa wakingoja kupanda. Hata hivyo, sheria ya umri haina macho. Humtoa mchovu, na humtoa na yule aliye hodari bado. Na wanawake walionewa zaidi, kwa kuwa katika kazi ya Serikali ya Uingereza mwanamke alilazimika kuacha kazi siku alipoolewa, hata akiwa kijana mwenye nguvu. Kizuizi hicho hakikuondolewa katika utumishi wa ndani ya nchi ila mwaka wa 1946.

Mwaka wa 1909 hesabu ilibadilishwa. Badala ya sehemu moja katika sitini, ikawa moja katika themanini, pamoja na fedha za mkupuo siku ya kutoka. Yule karani wetu wa pauni 120 na miaka 30 sasa alipata pauni 45 kwa mwaka, na mkononi alipewa pauni 120. Amepoteza pauni 15 kila mwaka, amepata 120 kwa mara moja. Basi aliyeishi zaidi ya miaka 8 baada ya kustaafu alipungukiwa. Lakini sasa mtumishi aliyefia kazini baada ya kutumika miaka 5 aliwaachia jamaa zake mshahara wa mwaka mmoja. Kilio cha wajane wa tangu 1834 kilisikiwa, ingawa kwa kuchelewa.

Taratibu hizi zilivuka bahari. Sheria ya pensheni ya Kenya iliyarithi maneno yale yale, kwamba mtumishi hana haki kamili ya kudai pensheni, na kwamba asiyetimiza miaka 10 hapati. Umri wa kustaafu huko ulikuwa miaka 55, ukapandishwa kuwa 60 mwaka wa 2009. Hapo wazee walifurahi, na vijana waliokuwa wakitafuta kazi walinuna. Tangu Januari 1, 2021, umeanza mfuko mpya ambao mtumishi na Serikali wote wawili huutilia fedha.

Tanzania ilitangulia katika njia hiyo. Kabla ya mwaka wa 1999 mtumishi hakukatwa kitu. Tangu hapo hukatwa tano katika kila mia, na Serikali hutia 15. Mtumishi aweza kuomba kustaafu kwa miaka 55, na kwa miaka 60 ni lazima. Maprofesa wa vyuo vikuu vya umma na madaktari bingwa wameongezewa hata 65. Mwaka wa 2018 mifuko minne iliunganishwa, na kanuni mpya ikataka mkupuo wa siku ya kustaafu uwe 25 katika kila mia, hali wengi walikuwa wamezoea 50. Watumishi walipiga kelele. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Rais John Magufuli akaisimamisha kanuni hiyo. Mwaka wa 2022 mkupuo ukawekwa 33, na mwaka wa 2024 Serikali ikatangaza kuupandisha hata 40 kwa wale waliozoea 50.

Msikilizaji, ukikumbuka hesabu ya yule karani wa 1909 utafahamu ugomvi huu. Mkupuo mkubwa hujenga nyumba na kununua shamba, lakini hupunguza chakula cha kila mwezi. Malipo makubwa ya kila mwezi humfaa aishiye sana, lakini hayamfai atakaye mtaji sasa. Wazee wetu husema, "Akiba haiozi," lakini yataka mwenye akiba ajue imewekwa wapi, na ni nani aishikaye ufunguo.

Na hapa ndipo historia hii yatufunza. Yule aliyekatwa mshahara mwaka wa 1834 aliambiwa pensheni ni hisani. Leo mtumishi auchangiaye mfuko wake mwezi kwa mwezi aweza kusema kwamba anadai kilicho chake. Lakini haki huhitaji ushahidi. Katika Afrika ya Mashariki wengi walizaliwa bila kuandikwa, na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa siku ya kwanza ya kazi ndiyo itakayohesabiwa siku ya mwisho. Kwa hiyo kila mwenye kuingia kazini aandike tarehe ya kweli, aitunze barua yake ya ajira, ayatazame makato yake kila mwaka, na awataje warithi wake kwa majina. Kazi hiyo si ya mzee. Ni ya kijana, siku ile ile ashikapo kalamu.