Daktari wa Kijijini Aliyekuwa Waziri



Katika utumishi wangu serikalini nimewasikia wengi wakiona kupelekwa kijijini ni adhabu. Ndiyo maana nawaletea habari za hayati Dakta Leader Stirling.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akasomea udaktari London, na mwaka 1935 akafika Masasi kwa kazi ya misheni. Hakurudi kuishi kwao. Huko Lulindi, na tangu mwaka 1949 Mnero, alitibu, alipasua, na aliwafundisha wenyeji uuguzi. Baadaye alifanya kazi Kibosho, Kilimanjaro. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akachukua uraia wetu, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamteua Waziri wa Afya, wadhifa alioushika hadi mwaka 1980. Alifariki mwaka 2003.

Tazameni hesabu hiyo: miaka 40 tangu afike Masasi, ndipo mitano ya uwaziri. Hali ya mgonjwa wa kijijini hakuisoma kwenye majalada.

Vijana mtakaosomea udaktari, mkipangiwa kijijini, msikimbilie kuomba uhamisho. Huko ndiko wagonjwa wetu wengi waliko.