Andalus kwa Baiskeli: Mialoni, Maji na Funga ya Siri

 

Hebu muulize kijana yeyote aliyepita madrasa: Andalus ni nini? Atakutajia Tariq bin Ziyad. Atakutajia msikiti wa Cordoba na kasri la Alhambra kule Granada. Kisha atavuta pumzi na kusema, "Lakini tuliipoteza." Hapo mazungumzo yanakwisha. Ni kama habari ya nyumba ya tajiri iliyoungua. Tunakumbuka vyumba, tunakumbuka moto, basi.

Leo nataka tupite mlango wa nyuma. Tuiache miji mikubwa, tupande baiskeli, tuingie mashamba. Uhispania ya leo ina watu wengi wanaopenda baiskeli za milimani, zile zenye tairi pana na gia nyingi, na njia nyingi wanazopita vijijini ni zile zile za zamani za nyumbu na wachungaji. Mimi na wewe tutazipita kwa mawazo tu, kwa hivyo usiogope kiu ya saumu. Nia yangu ni kukuonyesha jambo moja: Uislamu wa Andalus haukubebwa na makasri. Ulibebwa na watu wa kawaida, kwa mambo ya kawaida ya kila siku.

MSIKITI JUU YA KILIMA

Tuanze magharibi, katika milima ya Sierra de Aracena, mkoa wa Huelva. Si milima mirefu, lakini miinuko yake itakufanya ushuke baiskeli uisukume. Njia ni nyembamba, zimepakana na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Kushoto na kulia ni mialoni.

Mialoni ya huko ni ya aina mbili kubwa. Mmoja ni wa majani magumu yasiyopukutika hata wakati wa baridi, umbo lake la duara kama mwembe. Wa pili ni ule wenye gamba nene linalofanywa vizibo vya chupa. Gamba hilo huchunwa kila baada ya miaka tisa hivi, mti ukabaki na shina jekundu, kisha ukaota gamba jipya. Aliyepanda mwaloni hakupanda kwa ajili yake mwenyewe. Alipanda kwa ajili ya wajukuu.

Tunda la mwaloni kwa Kihispania linaitwa *bellota*. Sikiza vizuri neno hilo. Ni Kiarabu, *balluta*. Kijiji kidogo huitwa *aldea*, kutoka *al-day'a*. Tunda la zeituni ni *aceituna*. Sukari ni *azúcar*. Dimbwi la kuhifadhi maji ni *alberca*, kutoka *al-birka*, na wewe uliyekulia Lamu au Mombasa unajua birika la msikitini lilipo. Hata Mhispania akitamani jambo liwe, husema *ojalá*, neno ambalo asili yake ni Kiarabu cha Andalus: "Mungu akipenda." Anamtaja Mola wetu mara ngapi kwa siku bila kujua!

Sasa kanyaga pedeli, tupande mpaka kijiji cha Almonaster la Real. Juu ya kijiji, ndani ya boma la zamani, kuna msikiti mdogo wa matofali na mawe, uliojengwa karne ya 10, zama za ukhalifa wa Cordoba. Waliojenga walitumia nguzo na mawe waliyoyakuta ya Warumi na ya kanisa lililotangulia. Ndani una njia tano zilizotenganishwa kwa matao, mihrabu ya matofali matupu, na mahali pa kutawadhia. Karne ya 13 ukageuzwa kanisa. Mwaka 1931 serikali ya Uhispania iliutangaza kuwa jengo la kumbukumbu ya taifa. Ni katika misikiti michache sana ya mashambani iliyosalia nchini humo ikiwa karibu kamili.

Fikiria. Huu si msikiti wa khalifa. Ni msikiti wa wakulima na wachunga mbuzi. Mtu alitoka shambani, akatawadha, akasimama safu moja na jirani yake. Msikiti wa namna hii unaujua. Pengine ni ule wa mtaani kwenu ambao leo utaswalia taraweh.

Nikuambie jambo jingine, usishangae. Msitu huo wa mialoni leo unajulikana ulimwenguni kwa nguruwe. Wanalishwa yale matunda ya mwaloni, na kijiji jirani cha Jabugo kimepata jina kwa nyama hiyo. Mti ni ule ule, neno ni lile lile la Kiarabu, lakini kinacholiwa chini yake kimebadilika. Liweke hilo akilini. Tutalirudia.

MAJI YA MLIMANI

Sasa tupakie baiskeli kwenye gari twende mashariki, zaidi ya kilomita 300, mpaka Granada. Kusini ya mji huo umesimama mlima wa Sierra Nevada wenye theluji, na ubavu wake wa kusini unaitwa Alpujarra. Kuna njia ya baiskeli iitwayo Transnevada inayouzunguka mlima huu wote, kama kilomita 450. Sisi tutapita kipande kidogo tu, karibu na kijiji cha Cáñar, penye msitu mwingine wa mialoni.

Ukipita hapo utasikia maji kabla hujayaona. Ni mifereji. Wahispania wanaiita *acequia*, kutoka neno la Kiarabu *as-saqiya*. Waislamu wa Andalus waliichimba kwa kufuata ubavu wa mlima, ikateremka polepole, kilomita baada ya kilomita. Na hapa ndipo utakapostaajabia akili za wazee wale. Theluji ikiyeyuka, maji hawakuyaacha yote yakimbilie mtoni. Mengine waliyaelekeza juu mlimani mahali penye udongo unaonywa, yakazama ardhini, yakatokea chini kwenye chemchemi baada ya wiki au miezi, wakati wa kiangazi ambapo kila mtu ana kiu. Mlima wenyewe wakaufanya birika! Na maji yaliyovuja njiani yakanywesha miti kandokando ya mifereji.

Zamu za maji ziligawanywa kwa kanuni, kila shamba na wakati wake. Elimu hii haikuwa ya kubahatisha. Karne ya 12 mwanachuoni wa Sevilla, Ibn al-Awwam, aliandika kitabu kikubwa cha kilimo kinachoeleza udongo, mbolea, umwagiliaji na mamia ya mimea.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuhusu sadaka yenye kuendelea, inayomfikia mtu akiwa kaburini. Wachimbaji wa mifereji ile hatuwajui hata majina. Lakini maji bado yanakwenda.

RAMADHAN YA SIRI

Granada ilisalimu amri Januari 1492. Mkataba uliahidi kwamba Waislamu wataachiwa dini yao, misikiti yao na kadhi wao. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka kumi. Mwaka 1502 Waislamu wa himaya ya Castilla walitakiwa wachague: ubatizo au kuhama. Wengi, hasa masikini wasioweza kulipia safari, walibatizwa kwa nje na kubaki Waislamu kwa ndani. Hao ndio walioitwa Wamorisko.

Mwaka 1504 mufti mmoja, Ahmad bin Abi Jum'a al-Wahrani, aliwaandikia fatwa. Aliwaambia: swalini hata kwa ishara. Mkikosa maji, tayamamuni hata kwa kupitisha mkono ukutani. Mkilazimishwa kula nguruwe, kuleni huku nyoyo zenu zikikataa. Yaani aliwafungulia kila mlango ila mlango mmoja, wa kuiacha imani moyoni.

Sasa rudi kwa yule nguruwe wa mialoni. Nyakati zile sahani ya nyama yake ilikuwa kipimo. Mahakama ya kanisa ya kuchunguza imani, Inquisición, iliwataka watu wawaripoti majirani zao. Dalili zilikuwa gani? Huyu hali nguruwe. Huyu hanywi mvinyo. Huyu anajiosha mara kwa mara. Huyu anavaa nguo safi siku ya Ijumaa. Huyu hali mchana mwezi mzima.

Mwaka 1567 likaja agizo jingine: Kiarabu kisisemwe wala kuandikwa, mabafu ya kuogea yafungwe, mavazi yabadilishwe, milango ya nyumba iachwe wazi siku ya Ijumaa ili ionekane nani anaswali. Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1568 watu wa Alpujarra waliinuka. Vita vilikwenda mpaka 1571, wakashindwa, na makumi ya maelfu wakatawanywa mikoani. Kisha kati ya 1609 na 1614 Wamorisko wa Uhispania yote wakafukuzwa, watu kama 300,000, wengi wakaishia Morocco, Algeria na Tunisia.

Lakini hesabu pamoja nami. Kutoka 1502 hadi 1609 ni miaka 107. Hivyo ni vizazi vitatu au vinne vya Ramadhan bila adhana. Mama anaamka daku gizani bila kuwasha taa. Mtoto anafundishwa Alhamdu kwa mnong'ono, na kuonywa asiitamke nje. Kiarabu kilipowapotea, waliandika mafundisho ya dini kwa Kihispania chao lakini kwa herufi za Kiarabu, vile vile wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili. Mwaka 1884, katika kijiji cha Almonacid de la Sierra, nyumba kuukuu ilipokuwa ikibomolewa, vitabu vyao vilikutwa vimefichwa chini ya sakafu ya uongo. Vililala hapo zaidi ya miaka 270.

NA SISI JE?

Hapa nataka tuambiane ukweli, ndugu yangu. Mimi na wewe tunafunga mahali ambapo adhana inatusikia hata tukijificha. Mwezi ukiandama tunapigiana simu. Magharibi harufu ya viazi karai na mahamri inajaa mtaa mzima. Alhamdulillahi, hiyo ni neema. Lakini jiulize: lau mtaa wote haufungi, lau kufunga kwako ni hatari, ungefunga? Na Kurani ile iliyo kabatini, ungeihangaikia mpaka uvunje sakafu uifiche, au vumbi lake la mwezi wa Shaaban ni jawabu tosha?

Sisemi haya kukuvunja moyo. Nasema kwa sababu vitu hufufuliwa. Mwaka 2014 watu wa kujitolea, wakiwemo wanafunzi, waliungana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada na wakulima wa Cáñar, wakashika majembe na kufukua mfereji wa Barjas uliokuwa umeachwa kwa miaka mingi. Maji yakarudi. Wengi wao si Waislamu, lakini waliithamini kazi ya wazee wetu kuliko tunavyoithamini sisi.

Na kule Almonaster? Mwezi wa Oktoba 2024 Waislamu watatu wa Kihispania walitoka kwenye msikiti ule mdogo wa kilimani wakiwa wamepanda farasi, nia yao Makka, kufufua hija ya mahujaji wa zamani wa Andalus. Mmoja wao alikuwa ameiweka nadhiri hiyo aliposilimu, zaidi ya miaka 30 nyuma. Walipita Ulaya, Bosnia, Uturuki na Sham, na Mei 2025 wakaingia Saudia, wakahiji. Mlango uliofungwa karne ya 13 ulitoa mahujaji karne ya 21.

Kwa hivyo usiseme tena "tuliipoteza" kisha ukanyamaza. Ramadhan hii chagua jambo moja dogo uliendeleze baada ya Idi: ukurasa mmoja wa Kurani kila siku, mti mmoja uani kwa msikiti, mfereji mmoja wa mtaa usafishwe. Usingoje kujenga Alhambra. Na funga, hata pale usipoonekana na yeyote ila Yeye.

Allah (S.W.T.) awarehemu waliofunga gizani, na atukubalie sisi tunaofunga kwenye nuru. Amin. Wabillahi tawfiq.